Cool na sifa nyingine za Kiingereza cha mtaani

Kiingereza cha mtaani kina msururu wa maneno ya kusifia mtu au kitu kilichopendeza, kilichokwenda na wakati au kilichotia fora: swell, groovy, fly, dope. Mengi hayadumu. Yakishadakwa na watangazaji wa biashara, vijana walioyaanzisha huyatupa. Cool ndilo lililokataa kuzeeka.

Kabla ya cool

Katika Uingereza ya karne ya 19, swell alikuwa mtanashati wa tabaka la juu. Wamarekani wakalifanya sifa ya chochote kizuri. Miaka ya 1920 ilileta the bee's knees na the cat's pajamas, yaani magoti ya nyuki na pajama za paka, misemo isiyo na mantiki wala haja ya kuwa nayo.

Wanamuziki weusi

Chemchemi kubwa ya maneno haya ni Wamarekani weusi, hasa wapiga jazi. Mwaka 1938 Cab Calloway, kiongozi wa bendi aliyevuma katika klabu ya Cotton Club, New York, alitoa Hepster's Dictionary, kijitabu kilichowafumbulia watu wa nje lugha ya Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi jijini humo.

Kuenea kwa cool huhusishwa zaidi na Lester Young (1909–1959), mpiga saksafoni mahiri wa bendi ya Count Basie. Enzi ambayo wengi walipuliza kwa sauti nene na nzito, yeye alipiga kwa ulaini, bila papara. Kofia yake bapa na saksafoni aliyoilaza upande vilimtambulisha kabla hajatoa hata noti moja. Kilichosifiwa kwanza kilikuwa utulivu huo wa mtu asiyebabaika. Magari na suti vilifuata baadaye. Mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi na kundi la watu 9 mwaka 1949 na 1950, na mwaka 1957 rekodi hizo zikakusanywa katika albamu ya Birth of the Cool.

Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson, katika Flash of the Spirit (1983), anaeleza itutu ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, utulivu unaohesabiwa kuwa uzuri wa tabia. Hoja yake inausogeza mzizi wa fikra hiyo mbali kabisa na kumbi za New York.

Maana kupinduka

Bad, "mbaya", iligeuka sifa, na Michael Jackson akaipa jina hilo albamu yake ya 1987. Safari ya dope ni ya ajabu zaidi: kutoka neno la Kiholanzi la mchuzi, ikawa dawa za kulevya, kisha pongezi katika hip hop ya miaka ya 1980. Groovy, linalohusishwa na mifereji ya santuri, lilitamba miaka ya 1960. Sasa hutamkwa kwa mzaha.

Afrika Mashariki

Sifa hizi zimefika hata huku: freshi (kutoka fresh) na swaga (kutoka swagger) husikika Nairobi na Dar es Salaam.

Siku hizi

Mwaka 2023 Oxford University Press ilichagua rizz, mvuto wa mtu katika kutongoza, kuwa neno la mwaka.