Kivuli cha Tinde

Wenzangu wa Dar hunitumia picha za maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, maji yakishuka mita 170 katikati ya msitu. Mimi kwetu Tinde, pale barabara inapogawanyika, moja Kahama, nyingine Shinyanga mjini. Maji yetu hayaporomoki popote. Mvua ikipita, mto unabaki mchanga. Kivuli, lakini, tunacho, na nina ugomvi nacho.

Agosti nilirudi kwa kikao cha ukoo. Kabla ya kikao nikaizunguka ngitili ya marehemu babu kwa miguu, tangu asubuhi. Ngitili, kwa asiye Msukuma, ni malisho yanayofungwa mvua zikianza ili nyasi zisimame mpaka kiangazi, ndama wapate chochote kwingine kukishakauka. Nje jua lilikuwa la kupasua kichwa. Ndani, njia za ng'ombe zinapita chini ya migunga, unatembea umepoa kabisa.

Sasa, babu huyohuyo aliwahi kulipwa sifa kwa kukata miti. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliamua dawa ya mbung'o ni shoka. Charles Swynnerton, aliyefanya utafiti wake wa mbung'o hapahapa Shinyanga, aliamini mdudu akikosa kichaka atakosa pa kuishi. Watemi wakaita watu, watu wakafyeka. Babu alifyeka akiwa kijana, na alitusimulia kwa fahari kabisa. Na tusimcheke: ng'ombe walikuwa wanakufa kwa nagana. Mbung'o wakapungua, mifugo ikaongezeka, pamba ikala mashamba.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji, 1974. Familia zikahamishwa, ngitili zikaachwa nyuma bila mwenyewe. Kufikia miaka ya 80 mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mama anakumbuka kupikia mavi ya ng'ombe.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986. Mwanzoni waligawa miche ya kigeni, watu wakaipokea kwa adabu tu. Kilichofanya kazi ni kitu ambacho wazee walikuwa nacho tayari: funga eneo, zuia ng'ombe na moto, subiri. Maana visiki vya miti ya kwetu havikuwa vimekufa. Sungusungu walilinda, mchungaji aliyeingiza mifugo alitozwa faini. Ngitili zilizokuwa kama hekta 600 zikafika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Babu alifunga yake, ikachipua kwenye visiki ambavyo, kwa hesabu yangu, baadhi alivikata mwenyewe.

Nilimkuta mzee jirani akitafuta dawa ya mizizi.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Mmeamua kuuza?"

Habari zilikuwa zimenitangulia. Baba mdogo ana mteja wa mkaa, na ana watoto wawili sekondari. Mimi ndiye ninayeishi mjini, ninapikia gesi, na ninakuja kupunga upepo mara moja kwa mwaka. Nilipofika kikaoni aliniambia hilo mbele ya watu wote. Sikuwa na jibu. Nikauliza tu ndama watakula nini Septemba, shangazi akaguna.

Hatukuafikiana. Tutakutana tena Desemba, na kwa sasa mvua zikianza inafungwa kama kawaida.