Fotei: namna kiti cha wakubwa kilivyofika katika salo zetu

Hapa Bafwasende, mgeni wa heshima akiingia nyumbani anaambiwa: « Ikala mu fotei, papa. » Hatusemi « kiti », ingawa neno hilo tunalo, na viti pia tunavyo. Fotei ni neno la Wafaransa, fauteuil. Tulipolipokea tulipokea pamoja nalo mawazo mengi juu ya nani akalie nini. Basi tuanzie kwa wenyewe.

Huko Versailles, fasi ambako mfalme Louis XIV alihamishia serikali yake mwaka 1682, kukaa kulikuwa jambo la cheo kabla ya kuwa jambo la kupumzika. Mbele ya mfalme watu karibu wote walisimama. Mke wa duke aliruhusiwa kukalia tabure, ndiyo kile kigoda chenye mto lakini bila mgongo wala mikono, na familia kubwa ziligombania sana haki hiyo. Fotei yenyewe ilikuwa ya mfalme na malkia na wenye ukubwa sawa na wao. Ni wakati wa Louis XV (1715-1774) ambapo matajiri walianza kutafuta raha ya kweli. Ndipo ikatokea ile waliyoiita bergère: fotei pana, imezibwa kwa ubavu, na mto mnene juu yake. Seremala alichonga mbao, kisha fundi mwingine, tapisie, akajaza nywele za farasi, akavuta kitambaa na kukikaza kwa misumari ya shaba. Hariri ya Lyon iliweza kupita mbao kwa bei. Nyumba tajiri zilikuwa na vitambaa vya wakati wa baridi na vingine vya wakati wa joto. Tena kulikuwa viti vya kupangwa kando ya ukuta, visivyosogezwa hata kidogo, vya kuangaliwa tu. (Wenye salo ambamo watoto wamekatazwa kuingia watatuelewa.)

Baadaye mapinduzi yalikuja. Kuanzia Agosti 1793, Jamhuri iliuza kwa mnada vitu vya Versailles, mafungu zaidi ya 17,000, na viti vya mfalme vikaenda kwa yeyote mwenye pesa.

Tusidhani kwamba wazee wa inchi yetu walingojea Mzungu awafundishe kiti cha ukubwa. Mwaka 1870 msafiri Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, huko Uele, kaskazini yetu. Alimkuta na kigoda cha kuchongwa, na nyuma yake kiegemeo kilichopambwa kwa pete na misumari ya shaba. Misumari ya shaba, sawa na ya tapisie wa Paris! Lakini mto hapakuwa. Kigoda cha Wamangbetu kilichongwa katika gogo moja, na uzuri wake ulikuwa katika muti na mkono wa fundi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tofauti kubwa: ukubwa ulionekana bila kufunikwa kitambaa.

Fotei ilifika kwetu pamoja na nyumba za Wabelgiji. Mweusi aliingia katika salo zile kwa kupanguza vumbi. Kisha kukaja « évolués ». Mwaka 1948 serikali ilianzisha karti ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikatengeneza upya sheria ya immatriculation. Aliyeiomba alipimwa pamoja na nyumba yake: wakubwa walikuja kuangalia namna familia inavyoishi na inavyokula. Salo ikawa shahidi. Patrice Lumumba, aliyefanya kazi ya posta hapa Stanleyville, alikataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Mtu mwenye akili kama ile kupimwa hadi vyombo vya nyumba! Tangu siku zile, kununua fotei ni kujibu mtihani ambao hakuna tena anayeusahihisha.

Hata Mobutu hakuponyoka. Miaka ya 1970 alitufundisha otantisite, akavaa kofia ya ngozi ya chui na kukataza tai. Lakini jumba lake la Gbadolite lilijaa vitu vya anasa vya mtindo wa wafalme wa Ufaransa. Utawala ulipoanguka mwaka 1997, jumba liliporwa. Versailles nayo ilimwagwa vile, ila kule kulikuwa na mnada na karani wa kuandika bei.

Leo maseremala wanatumia mbao ngumu za misitu yetu, wanajaza ile musi ya magodoro, na kufunika kwa velure inayotoka mbali. Kwa hewa hii ya joto na mvua, velure ni adhabu ya mgongo, tena inashika unyevu. Hata hivyo nyumba nyingi zinanunua fotei nne na kanape kabla ya meza moja ya mtoto kuandikia. Sisi walimu tunayaona madaftari yaliyoandikwa juu ya magoti.

Siku moja tu fotei hazina nguvu: siku ya matanga. Zinatolewa nje, mikeka inatandikwa, na wamama wa familia wanakaa chini, mke wa mkubwa pamoja na mke wa mlinzi.