Skrini ya kompyuta imekuwa nyeusi? Ipime kabla ya kununua nyingine

Skrini ya zamani ikigoma kuonyesha picha, usikimbilie kuitupa. Anza na nyaya: zima umeme, zichomoe, kisha uzichomeke tena na kuzikaza. Picha ikigeuka njano au waridi, mara nyingi waya wa VGA umelegea au pini yake imepinda.

Kama taa ndogo ya skrini inawaka lakini kioo ni cheusi, acha kompyuta ikiwa imewashwa, kisha mulika kioo kwa karibu kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma au sehemu inayoupa umeme.

Usipoona kitu, jaribu skrini hiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikionyesha vizuri, ubovu uko kwenye kompyuta yako au waya wake.

Usiifungue mwenyewe. Skrini zenye kisogo kikubwa hutunza umeme wa maelfu ya volti hata zikichomolewa, na unaweza kuua. Mweleze fundi ulichoona. Kapasita zilizovimba hubadilishwa. Kioo kilichopasuka kwa ndani, mara nyingi ni heri kununua skrini nyingine.