Vichwa Viwili vya Mawe na Sura ya Binadamu

Kila ifikapo tarehe 21 Agosti hukumbushwa jinsi siku hiyo, mwaka 1911, picha ya Mona Lisa ilivyong'olewa ukutani katika jumba la Louvre mjini Paris, na aghalabu hadithi hukomea kwa Vincenzo Peruggia, Mtaliana aliyenaswa nayo mjini Florence miaka miwili baadaye. Walakini mkasa ule ulifichua wizi mwingine uliotangulia, wizi wa vitu viduni machoni pa walinzi, ambavyo, lau visingaliibwa, yamkini sura ya binadamu katika uchoraji wa karne ile isingalivunjwa kwa namna ilivyovunjwa.

Mwaka 1907, kijana wa Kibelgiji aliyeitwa Géry Pieret, ambaye alipata kuwa karani wa mshairi Guillaume Apollinaire, aliingia Louvre akatoka na kichwa cha jiwe ndani ya koti lake, na kesho yake akarudi kuchukua cha pili. Vyote vilichongwa Hispania karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Husimuliwa kwamba alipokuwa akiondoka alimuuliza mchoraji Marie Laurencin kama alihitaji chochote kutoka Louvre, naye bibi, maskini, akadhani kijana anakwenda kwenye duka kubwa lenye jina hilo hilo. Vichwa vikafika kwa Pablo Picasso.

Picasso alikuwa amekwisha kusumbuliwa na uso wa binadamu tangu zamani kidogo. Alimkalisha kitini mwandishi Gertrude Stein, kwa hesabu ya bibi mwenyewe, mara 80 au 90, asiridhike. Akaufuta uso, akaenda zake Gósol, kijiji cha milimani Hispania, na aliporejea mwaka 1906 akauchora upya bila ya kumtazama mwenyewe, ukatoka mgumu kama barakoa, kope nzito na macho yasiyolingana. Waliposema haumshabihi, alijibu kwamba atakuja kufanana nao.

Ndipo ikaja, katika kiangazi cha 1907, ile picha ya wanawake watano, karibu mita mbili na nusu kwenda juu, ijulikanayo kwa jina la Les Demoiselles d'Avignon. Watazame wawili wa katikati: nyuso zimetuelekea, lakini pua zao zimechorwa ubavu, na masikio yao ni makubwa kupita haja, yamejikunja mfano wa simbi, kama ya vile vichwa vya mawe. Mwanamke aliyechutama pembeni ametupa mgongo, na papo hapo anatukodolea macho.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1908 mhakiki Louis Vauxcelles alizidhihaki picha za mchoraji Georges Braque kwa kutaja michemraba, na mtindo ukapata jina la Kubizimu. Mwaka 1910 Kahnweiler, mfanyabiashara wa picha, alichorwa na Picasso hata hakusalia ila wimbi la nywele na mikono iliyofumbatwa, na mwaka uliofuata Braque akaichanganya sura ya mwanamume mwenye gitaa na herufi za tangazo.

Tuurudie mwaka 1911. Mona Lisa ilipopotea, Pieret, mpenda sifa, alipeleka gazetini kichwa cha tatu alichokwiba, akajigamba. Fernande Olivier, aliyekuwa akiishi na Picasso na aliyeyaandika hayo mwaka 1933, walipokuwa wamekwisha kuachana zamani (na hilo tulikumbuke tumsomapo), anatueleza hofu iliyowashika mchoraji na mshairi, wageni wote wawili katika Ufaransa, ya kufukuzwa nchini. Walivitoa vichwa kabatini, wakavitia katika sanduku, wakaazimia kuvitosa katika mto Seine usiku wa manane. Na kabla ya kutoka walikaa wakicheza karata, mchezo wasioujua, ili saa zisogee. Wakazunguka mji, kila kivuli wakikidhani askari, hata saa nane za usiku wakarudi, wamechoka, na sanduku lao zito vile vile.

Apollinaire alivipeleka gazetini, na tarehe 7 Septemba akakamatwa, akatiwa katika gereza la La Santé, asitoke mpaka tarehe 12. Askari alipomjia Picasso asubuhi, anasema Fernande, alitetemeka hata ikabidi avishwe nguo. Na mbele ya hakimu marafiki hao wote wawili walilia.

Nami huwaza, kila nisomapo kisa hiki, kwamba vichwa viwili, kwa kuwa vilikuwa mali ya Louvre, viliweza kumfunga mtu, ilhali hakuna hakimu aliyewahi kumuuliza Picasso habari za vinyago vya Afrika alivyokwenda kuvitazama katika jumba la Trocadéro mwaka ule ule wa 1907, ambavyo wataalamu wengi huzinasibisha navyo nyuso mbili za kulia katika picha ile. Wala hakuna aliyewauliza waliovileta vinyago hivyo Paris waliwalipa nini wenyewe. Majina ya wachongaji hayakuandikwa, ilhali jina la mwizi wa Louvre tunalo.

Vita vya 1914 viliwatawanya wachoraji, na Picasso baadaye akarejea mara kwa mara kuchora miili mizima. Atakaye kuyaona masikio yale ya rangi sharti aende New York, iliko picha hiyo. Ya jiwe yako Saint-Germain-en-Laye, mwendo mfupi wa gari la moshi kutoka Paris, katika makumbusho ya mambo ya kale.