Kutoka Hospitali ya Sewa Haji hadi Upandikizaji wa Figo

Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyeandaa misafara ya kwenda bara, aligharamia hospitali iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1897. Ilikuwa ya Waafrika na Waasia. Wazungu walitibiwa katika hospitali ya Ocean Road. Rangi ndiyo iliyoamua nani alazwe wapi. Hospitali ya Muhimbili ni mrithi wa hospitali ya Sewa Haji, na hapo, Novemba 2017, ulifanyika upandikizaji wa kwanza wa figo nchini. Kabla yake wagonjwa walipelekwa India. Kipimo sasa ni kingine: ndugu aliye hai, mwenye afya, anayelingana na mgonjwa na aliyeridhia mwenyewe kutoa figo. Ni cha haki zaidi kuliko rangi, lakini kinamwacha pabaya mgonjwa wa Saadani au Pangani asiye na ndugu anayefaa.