Upinde, Gobori na Bunduki ya Serikali: Nani Huitwa Mlengaji Katanga?

Mashindano ya kulenga shabaha yamegawanyika katika mikondo ambayo kila mmoja una mila yake na watu wanaoutetea. Wapo wanaolenga wakiwa wamelala kifudifudi, wapo wanaopiga goti, wapo wanaosimama, na wapo wanaolenga shabaha inayokimbia. Tangu shirikisho la kimataifa la ulengaji lilipoundwa mwaka 1907, swali la mkondo upi ndio kipimo cha kweli cha mlengaji halijapata jibu, na mara nyingi limeamuliwa na kamati kuliko uwanja. Baada ya michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, shindano la wanaume la kulenga wakiwa wamelala, umbali wa mita 50, liliondolewa kwenye ratiba ili kupisha mashindano ya timu mchanganyiko za wanaume na wanawake. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba wanaolenga wakiwa wamelala hawana ustadi. Ushindani wa aina hiyo si mgeni Katanga. Nyanda zinazozunguka Lubumbashi zilijua mashindano ya njia za kulenga kabla mji wenyewe haujaanzishwa mwaka 1910, na historia yake inafundisha jambo moja: hadhi ya kila silaha iliamuliwa na wenye mamlaka juu ya baruti na sheria, lakini heshima ya mlengaji ilitokana na kuwajibika kwa kila alichokipiga.

Mila ya kwanza ni ya upinde, nayo katika Katanga ilikuwa mila ya dola. Simulizi za Waluba za asili ya ufalme wao zinamtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na kuleta adabu ya kitawala, na mwanawe Kalala Ilunga aliyemshinda Nkongolo, mtawala aliyekumbukwa kwa ukatili. Tofauti kati ya baba huyo na Nkongolo haielezwi kwa nguvu za mwili bali kwa mwenendo: namna ya kula, ya kunywa, ya kusema na ya kujizuia. Ndiyo maana miongoni mwa vitu vitakatifu vya wafalme wa Kiluba kulikuwa na kishikio cha pinde, chenye matawi matatu, kilichochongwa kwa mti au kufuliwa kwa chuma. Kilitunzwa ndani, mbali na macho ya watu, na kufanyiwa ibada. Upinde ulioegemezwa pale haukuwa wa kutisha adui. Ulikumbusha kwamba aliyepewa uwezo wa kuua kwa mbali amepewa pia wajibu wa kujitawala.

Gobori lilipoingia kutoka pwani ya magharibi kwa misafara ya Waovimbundu, na kutoka mashariki kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Wanyamwezi, lingeweza kuifuta mila hiyo. Badala yake liliomba kupokelewa ndani yake. Ushahidi mzuri kuliko wote ni kazi ya wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19. Walimchonga Chibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba ambaye kwa simulizi alimwoa Lueji, malkia wa Walunda, na katika baadhi ya sanamu hizo wakampa bunduki ya gumegume. Simulizi inamweka Chibinda Ilunga katika zama za kabla ya bunduki, na wachongaji walijua hivyo. Walichokuwa wakisema ni kwamba mwenye bunduki ni mwindaji wa kweli pale tu anaposimama katika ukoo wa huyu aliyetangulia. Kwa Wandembu, ndugu wa Walunda wanaoishi karibu na mpaka wa Kongo na Zambia, mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950, alikuta vyama viwili vya wawindaji. Wubinda ulikuwa wa uwindaji kwa jumla, yaani upinde, mkuki na mitego. Wuyang'a ulikuwa wa wenye bunduki, wenye ngazi zake za kupanda. Vyote viwili vilikuwa na matambiko, madhabahu ya tawi lenye panda, na kanuni za kugawa nyama. Mwenye bunduki alijiona yuko juu, lakini hakusamehewa lolote ambalo mwenye upinde alitakiwa kutimiza.

Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba hayo ni mapambo tu, kwamba bunduki ilishinda kwa sababu ni silaha bora na mila ikafuata nyuma. Hoja hiyo inasahau gobori lilivyokuwa. Mpigaji alimimina baruti mtutuni, akashindilia kwa ufito, akatia risasi au vipande vya chuma, akaweka baruti ya kuwashia, kisha akatumaini kwamba jiwe la gumegume litatoa cheche. Unyevu wa masika ulitosha kuharibu kazi yote. Mtutu wake haukuwa na mikato ya ndani, kwa hiyo risasi ilipotea mapema, na katika muda wa kushindilia mara moja mpiga upinde hodari aliweza kuachia mishale kadhaa bila mlio wa kuwashtua wanyama. Kama ubora wa kulenga ndio ungekuwa mwamuzi, upinde usingeshuka hadhi. Bunduki ilipanda kwa sababu iliunganishwa na pembe za ndovu, shaba na biashara ya mbali, na kwa sababu aliyeimiliki alionekana ana njia ya kufikia masoko ya bahari mbili.

Hakuna aliyeuelewa uhusiano huo kuliko Msiri. Jina la watu wake, Wayeke, huhusishwa na chama cha wawindaji wa ndovu katika nchi yao ya asili, upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Alifika Katanga katikati ya karne ya 19, akajenga mji mkuu Bunkeya, na kuifanya Garenganze dola iliyosimama juu ya shaba, chumvi, pembe, watumwa na bunduki. Hapa pingamizi la pili lina uzito: bunduki za Wayeke hazikuwinda ndovu tu. Ziliwatisha majirani, zikakusanya kodi na kusindikiza mateka. Ni kweli, na hakuna mapenzi ya historia yanayoruhusu kulificha. Lakini ukweli huo unaitia nguvu hoja yangu. Chama cha wawindaji kilipogeuzwa kuwa jeshi, kipimo cha zamani kilidhoofika, kwani mpigaji hakuwajibika tena kwa wanaogawana nyama bali kwa mgawaji wa baruti. Utawala wa namna hiyo ulikuwa na nguvu kadiri ghala lilivyojaa. Mwaka 1891 Wasanga, waliokuwa chini yake, waliasi, njia zikavurugika na baruti ikawa haba Bunkeya. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa kikoloni wa Stairs, naye Bodson akajeruhiwa vibaya katika mapambano hayohayo na kufa.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, mataifa yalikuwa yameketi Brussels na kutia saini mkataba wa 1890 dhidi ya biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia kuingiza silaha bora katika eneo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, eneo linaloimeza Katanga nzima. Bunduki za gumegume zisizo na mikato mtutuni, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Hivyo mgawanyo wa walengaji ukaandikwa mezani: Mwafrika wa kawaida abaki na gobori, na bunduki sahihi iwe ya serikali na ya Mzungu. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, alipewa Albini, bunduki ya risasi moja moja, na katika mikoa ya mpira ya Équateur, mbali na Katanga, alitakiwa kuonyesha kwamba kila risasi iliua mtu na haikutumika kuwinda nyama. Uthibitisho ulikuwa mkono uliokatwa. Ripoti ya konseli wa Uingereza Roger Casement ya mwaka 1904 ilikusanya ushuhuda wa unyama huo. Hapo uwindaji na uaskari viligongana katika mtutu uleule, na nidhamu ya kuhesabu risasi ikageuzwa juu chini: mwindaji alihesabu ili asiue ovyo, askari alihesabiwa ili asikose kuua.

Wengine watasema kwamba ulengaji wa mashindano hauhusiani na haya, kwa kuwa karatasi ya shabaha haitoi damu wala haigawi nyama. Tofauti ipo, lakini asili ya mchezo huo haikuwa safi kuliko ya kwetu. Chama cha kitaifa cha ulengaji cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1859 kuwanoa raia wa kujitolea kwa vita, na mivutano kati ya ulengaji wa kijeshi na ule wa usahihi mtupu iliendelea kwa vizazi. Mchezo ulipata heshima ulipojitwika kanuni kali za usalama, za umbali na za haki kwa mshindani. Hizo ni kanuni za kuwajibika kwa kila mlio, jambo ambalo wubinda na wuyang'a vilitaka kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo si sahihi kuieleza historia ya silaha Katanga kama safari ya kutoka upinde dhaifu hadi bunduki kamili. Kipindi kibaya kuliko vyote kilikuwa cha silaha sahihi mikononi mwa mtu aliyetengwa na kila chama ambacho kingemwuliza. Tangu sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 mwindaji wa Kongo anatambulika kwa kibali chake, na hilo ni la lazima ili wanyama wa hifadhi za Upemba na Kundelungu wabaki hai. Lakini kibali husema nani anaruhusiwa kupiga, hakisemi nani amefundishwa kujizuia. Makumbusho ya Lubumbashi na chuo kikuu cha mji huo vina kazi ya haraka: kuwafuata wawindaji wazee wa Kisanga, Kiyeke, Kiluba na Kilunda, na kuandika miiko yao, ngazi za vyama vyao na kanuni zao za kugawa, kabla hawajaondoka. Hiyo ndiyo sehemu ya ulengaji ambayo haiuzwi pamoja na bunduki.