Floraidi na Afya ya Meno ya Watoto

Floraidi kwa kiasi kidogo huimarisha meno na kuyakinga yasioze. Ikizidi, humwathiri mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi, yaani hadi umri wa takribani miaka 8. Meno hayo huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki.

Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara nchini Tanzania, baadhi ya vyanzo vya maji huzidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Familia zinashauriwa kutumia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, na kutotia magadi katika chakula cha watoto.

Hata hivyo, dawa ya meno yenye floraidi isiachwe. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku. Aliye chini ya miaka 3 atumie dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 ukubwa wa punje ya njegere, huku mzazi akisimamia ili asiimeze.